Mwongozo Kamili wa Kuchagua Matembezi ya Unguja kwa Familia Inayotoka Dodoma

Mara ya kwanza nilipompeleka mama yangu Jambiani tulifika saa 4 asubuhi, tukashuka garini tukiwa na taulo mabegani, na mbele yetu hapakuwa na bahari. Palikuwa na mchanga mweupe uliolowana, mafungu ya majani, vijiti vilivyosimikwa kwa safu, na mbali kabisa mstari mweupe wa mawimbi yaliyokuwa yakivunjika kwenye mwamba. Mama, ambaye kwa maisha yake yote alikuwa hajaona maji mengi kuliko yale ya bwawa la Mtera, alisimama akatazama, kisha akauliza, "Mwanangu, na hii nayo imekauka?" Mzee mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli ndiye aliyemjibu: "Haijakauka, bi mkubwa. Imekupwa tu, alasiri itarudi."

Alasiri hiyo sisi tulikuwa tumekwisha kurudi mjini, kwa sababu gari tulilikodi kwa nusu siku. Tulilipia safari ya kwenda kuogelea na hatukuogelea. Tangu hapo nimekwenda Unguja mara kadhaa, nikiwa na watoto, wazee na wageni wa kazini, na mwongozo huu unafuata utaratibu ninaoutumia kupanga: kwanza majira, pili mwezi na maji, tatu watu nilio nao, nne umbali, na mwisho kabisa bei. Wengi wetu huanza na bei au na picha, na hapo ndipo mambo huharibika.

Hatua ya kwanza: Achana na kalenda ya mvua ya Dodoma

Sisi wa Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, unaoanza Desemba na kuisha Aprili, na baada ya hapo ni ukavu na baridi ya upepo. Unguja ina misimu miwili. Masika hunyesha kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, na vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba. Mtego wake uko mwezi wa Mei: huku nyumbani anga limetakata na mtu anadhani kiangazi kimeingia nchi nzima, kumbe visiwani mvua bado zinapiga na baadhi ya hoteli za pwani zimefungwa. Ukienda wakati huo utapata vyumba kwa bei nafuu, lakini panga matembezi ya mjini na ya mashamba ya viungo, usipange ya baharini.

Baada ya mvua angalia pepo. Kusi huvuma kutoka kusini katikati ya mwaka, na nguvu yake huonekana zaidi Juni hadi Septemba. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki kuanzia Desemba hadi Machi. Likizo ya shule ya Juni inaangukia katika kusi, na hivyo boti kutoka Dar es Salaam inaweza kuyumba vya kutosha kumfanya mtu asiyezoea ajute kifungua kinywa chake, na fukwe za mashariki kama Paje na Jambiani huwa na upepo mwingi, ambao vijana wanaoteleza majini kwa kuvutwa na tiara wanaufurahia kuliko mtoto wa miaka sita. Katika miezi hiyo upande wa kaskazini magharibi, yaani Kendwa na sehemu ya Nungwi, huwa umetulia zaidi. Likizo ya Desemba mambo hubadilika, kwa kuwa kaskazi hugonga zaidi ncha ya kaskazini na pwani ya kaskazini mashariki.

Hatua ya pili: Soma mwezi kabla ya kulipia chochote

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote, na ndiyo ambayo wauzaji wa safari hawakwambii usipowauliza. Maji ya bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa siku moja, na kila siku saa ya kujaa husogea mbele kwa wastani wa dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa kuna bamvua, maana yake maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati ya nyakati hizo, mwezi ukiwa nusu, huwa ni maji mafu, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hupungua.

Sasa fanya hesabu moja ambayo haihitaji hata simu. Unguja, siku za bamvua, maji hujaa karibu na saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na kwa hiyo hukupwa karibu na saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Wiki moja baadaye, katika maji mafu, hali hugeuka, maji yakawa juu asubuhi na chini alasiri. Mtu anayejua hivyo akitazama mwezi kutoka uani kwake Area D anaweza kukadiria bahari ya Jambiani itakuwaje. Siku hasa ya safari, muulize nahodha au mtu wa hoteli saa kamili, au tazama jedwali la maji, kwa kuwa makadirio ni makadirio.

Pwani ya mashariki, kuanzia Matemwe hadi Makunduchi, ina ziwa la maji mafupi lililozuiliwa na mwamba. Maji yanapokupwa huko, hasa siku za bamvua, unaweza kutembea mwendo mrefu sana kabla hujalowa magoti. Kule Kendwa na Nungwi ufuo unashuka haraka zaidi, na mtu huweza kuogelea karibu saa zote. Kwa hiyo familia ambayo shabaha yake kubwa ni watoto kuoga baharini asubuhi na jioni bila kubanwa na saa, nitaielekeza kaskazini bila kusita.

Lakini maji kupwa si hasara kwa kila mtu, na hapa ndipo nilipokosea siku ile na mama. Vile vijiti tulivyoviona vilikuwa mashamba ya mwani. Kina mama wa Paje, Bwejuu na Jambiani huingia mashambani mwao maji yanapotoka, na siku za bamvua ndizo siku zao kubwa za kazi, kwa sababu shamba hubaki wazi kwa muda mrefu. Mtu wa Bahi au Kongwa aliyezoea kuona jembe na mtama ataelewa haraka sana anachokiona: mama ameinama, kanga imefungwa kiunoni, anafunga vipande vidogo vya mwani kwenye kamba iliyotandazwa kati ya vijiti viwili, kimoja baada ya kingine, na maji yakiwa yanamfikia kifundoni anajua amebakiza muda kiasi gani. Ukitaka kuona kilimo hicho nenda bamvua, asubuhi, ukiwa umevaa viatu vya mpira vyenye soli, kwa kuwa ndani ya maji yale mafupi kuna viumbe weusi wenye miiba mirefu kama nungunungu, na mwiba wake ukivunjikia mguuni siku yako imekwisha.

Hatua ya tatu: Orodhesha watu, na uandike nani anajua kuogelea

Andika kwenye karatasi majina ya wote wanaosafiri, na mbele ya kila jina andika umri, kama anaogelea, na kama anaweza kupanda na kushuka chombo bila kushikwa. Katika familia nyingi za kwetu safu ya kuogelea itabaki tupu, na hakuna aibu katika hilo, maana tungejifunzia wapi? Ila karatasi hiyo inaamua mengi.

Chukua mfano wa Mnemba, ambayo kila mwuza safari huiweka juu ya orodha yake. Ni kisiwa kidogo kaskazini mashariki chenye matumbawe na samaki wa rangi za kila namna, na kwa mtu anayejua kuogelea kwa miwani ya majini na bomba la kupumulia ni mahali pa kukumbukwa. Lakini kisiwa chenyewe ni cha hoteli binafsi, na wageni wa matembezi hawashuki nchi kavu. Asiyeogelea atakaa ndani ya mashua juani, mashua ikiyumba, akiwasubiri wenzake. Nimeona baba wa watu akitapika kwa muda wote huo. Kwake yeye pesa ile ingefaa zaidi Changuu.

Changuu, ambacho wengi wanakiita kisiwa cha gereza, kiko kilomita chache tu kutoka Mji Mkongwe, na mashua hufika kwa takriban nusu saa. Gereza lilijengwa mwaka 1893, lakini majengo yake yalikuja kutumika zaidi kuwaweka karantini watu walioshukiwa kuwa na maradhi. Wanaovuta watoto ni kobe wakubwa, ambao asili yao ni Shelisheli na waliletwa kisiwani mwaka 1919. Watoto hawachoki kuwalisha majani. Angalizo ni moja: kushuka kutoka kwenye mashua mara nyingi ni kushuka ndani ya maji, kwa hiyo bibi aliyevaa nguo ndefu aambiwe mapema, na kijana mwenye nguvu akae upande wa ngazi.

Kuhusu pomboo wa Kizimkazi nina maoni yangu, na yaweza yasimpendeze kila mtu. Safari huanza alfajiri, na pomboo wakionekana boti nyingi huwakimbilia na kuwazingira huku watalii wakirushwa majini mbele yao. Wanyama wanasumbuka, na asiyeogelea vizuri anajihatarisha. Ukienda, chagua nahodha anayekubali kubaki mbali na kuwaangalia tu. Kizimkazi Dimbani kuna jambo jingine ambalo karibu kila mtu hulipita bila kulitazama: msikiti wa kale wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Ingia kwa ruhusa, ukiwa umejisitiri na umevua viatu.

Kwa wazee, na hasa wazee waliolima, hakuna matembezi yanayoshinda mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kidichi. Mtu aliyenunua iliki na mdalasini katika soko la Majengo kwa miaka 40 bila kujua vinaoteshwa vipi, hapo anaona mdalasini ni gamba la mti, pilipili manga inapanda mti mwingine, na kungumanga imefunikwa na utando mwekundu kabla haijakauka. Karibu na hapo kuna hamamu ya Kidichi, yaani nyumba ya kuogea, iliyojengwa katika karne ya 19 wakati wa Seyyid Said kwa ajili ya mkewe Mwajemi. Kutembea ni kidogo na kivuli kipo.

Jozani inafaa watu wa rika zote. Msitu huo, ambao ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka iliyoanzishwa mwaka 2004, ndiyo makao makuu ya kima punju, kima mwekundu asiyepatikana kiasili mahali pengine duniani ila Zanzibar. Hawana woga, watakaa matawini juu yako wakitafuna majani, na baadhi yao wana tabia ya kula mkaa, ambao huwasaidia kupunguza sumu ya majani wanayokula mashambani. Usiwaguse wala kuwapa chakula. Upande wa pili kuna njia ya mbao inayopita ndani ya mikoko, na hapo tena mwezi unaingia: maji yakijaa unaona miti imesimama ndani ya bahari, yakikupwa unaona mizizi na kaa.

Hatua ya nne: Tengeneza siku, jambo kubwa moja kwa kila siku

Unguja ina urefu wa takriban kilomita 85, na mtu wa Dodoma aliyezoea kwenda Singida na kurudi huona hiyo si kitu. Barabara zake, hata hivyo, zinapita vijijini, na kutoka mjini hadi Nungwi unaweza kutumia saa moja na nusu. Daladala zipo, namba 116 kwenda Nungwi na namba 309 kwenda Jambiani, ni za bei nafuu na zina mazungumzo mazuri, lakini ukiwa na wazee na mizigo kodi gari, na ulikodi kwa siku nzima.

Hesabu pia siku ya kwenda. Treni ya umeme kutoka Dodoma, iliyoanza kutoa huduma mwaka 2024, hukufikisha Dar es Salaam kwa saa 4 hivi au pungufu, stesheni yake haiko mbali na gati la boti, na boti ya kasi huchukua takriban saa 2. Maana yake ukiondoka alfajiri unaweza kuwa Unguja alasiri, umechoka. Siku hiyo usilipie chochote. Peleka watu bustani ya Forodhani jioni, wale urojo na mishikaki, watazame vijana wakijirusha baharini kutoka ukutani. Uliza bei ya samaki kabla hajawekwa jikoni.

Tuseme ni familia ya watu sita, akiwamo bibi wa miaka 70 na watoto watatu, inafika Jumatatu ambayo mwezi ni mpevu, na ina usiku nne mpaka kuondoka Ijumaa. Maji Jumatatu yatajaa karibu saa 10 jioni, Jumanne karibu saa 10:50, Jumatano karibu saa 11:40. Jumanne asubuhi ningewapeleka Mji Mkongwe, ambao haujali maji, na alasiri Changuu, wakati bahari imepanda na mashua inasogea karibu na ufuo. Jumatano ningeanza Jozani asubuhi na mapema, kisha Jambiani karibu saa 5:30, maji yakiwa yametoka kabisa. Wataona mwani, watakula, bibi atalala kivulini, na kuanzia saa 9 bahari itakuwa inarudi kwa watoto wakiwa wamekwisha kuizoea. Alhamisi ni viungo asubuhi, na baada ya hapo kupumzika au kununua vitu soko la Darajani. Nungwi imeachwa nje ya ratiba hii kwa makusudi, kwa sababu ya umbali. Mwezi ungekuwa nusu ningegeuza, nikaanza na ufuo asubuhi na kuacha mji kwa alasiri.

Kuhusu Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, usiutembee wote. Jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, lilibomoka sehemu mwezi Desemba 2020, kwa hiyo uliza kwanza kama linaingilika. Mahali ambapo ningemtaka kila mtu wa kwetu afike ni Mkunazini, kwenye kanisa la Kianglikana lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka 1873. Njia ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora kwenda Bagamoyo ilipita Ugogo, yaani huku kwetu Dodoma, watemi wa Kigogo wakitoza hongo, yaani ushuru, kwa maji na kwa kupita, na Mpwapwa ilikuwa kituo kikubwa cha kupumzikia. Pembe za ndovu na watumwa walipita humo. Ukishuka kwenye vyumba vya chini vya hapo Mkunazini, vinavyoonyeshwa kuwa vya watumwa, ambamo mtu mzima hawezi kusimama wima, huangalii historia ya pwani peke yake. Watoto wadogo sana wabaki juu na mtu mmoja.

Hatua ya tano: Bei, na maswali ya kumwuliza nahodha

Mjini utafuatwa na vijana wanaouza safari, ambao wenyeji huwaita papasi, jina la yule mdudu anayeng'ang'ania ngozi. Wapo waungwana miongoni mwao, lakini muulize mwongozaji kitambulisho chake cha Kamisheni ya Utalii Zanzibar, na usitoe pesa yote mbele. Chukua kitambulisho chako cha taifa kila mahali, kwa sababu raia hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni katika hifadhi, na usipokuwa nacho utabishana bure mlangoni.

Mwaka mmoja nililipia mashua niliyoambiwa ina kila kitu ndani. Tukiwa katikati ya bahari nikatajiwa ada ya hifadhi, kisha kodi ya miwani, kisha jaketi okozi zikawa nne na sisi tulikuwa saba. Nilimwamuru nahodha aturudishe, na nusu ya pesa sikuiona tena. Tangu siku hiyo huuliza nikiwa nchi kavu, na huomba nione kwa macho: jaketi okozi ziko ngapi na za watoto ziko wapi, chombo kina turubai la kivuli, injini ni ngapi, tutakuwa abiria wangapi, saa ya kurudi ni ipi, na bei hii imebeba nini na haikubeba nini. Nahodha mzuri hujibu bila kukasirika. Anayekwambia "usijali, mzee" mara tatu mfululizo, mwache aende.

Mambo madogo yanayobadilisha uchaguzi

Ramadhani husogea nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka, kwa hiyo hakikisha tarehe. Katika mwezi huo migahawa mingi ya wenyeji haifunguliwi mchana, na kula njiani ni utovu wa adabu, ingawa Forodhani baada ya futari hupendeza. Nguo za kuogelea ni za ufukweni tu. Jua la pwani huja na mvuke, tofauti na jua letu kavu, na mtu huishiwa nguvu kabla hajahisi kiu, hivyo matembezi ya kutembea sana yawe kabla ya saa 4 au baada ya saa 9.

Pemba na Mafia sikuzigusa kwa kuwa ni safari za mara ya pili. Anayetaka kumwona papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote, aende Mafia, upande wa Kilindoni, kati ya Oktoba na mwanzoni mwa Machi. Pemba ni ya mtu mtulivu anayependa msitu wa Ngezi na mikarafuu.

Siku ya kuondoka usiingie baharini. Nguo mbichi zikifungiwa kwenye begi hadi Dodoma hutoka zikinuka, na boti ikichelewa utaikosa treni. Acha angalau saa 3 kati ya boti kufika Dar es Salaam na treni kuondoka, na viungo ulivyonunua uvifunge kwenye mifuko miwili miwili, la sivyo behewa zima litajua mlikotoka.